Kumi na Saba, Si Kumi na Tano

Nilipata thelathini na nane. Mwalimu Wilbrodi aliilaza karatasi yangu kifudifudi juu ya dawati, akainama, akasema kwa ule upole wake unaoudhi, "Bi Mize, kemia tuiache. Kiswahili na historia zinakutosha."

"Nani kakwambia nataka kutoshwa?" nikamjibu.

Darasa zima likageuka. Tulikuwa watu kumi na tisa, na wengi wao ningeweza kuwazaa.

Kabla hujaniona mkorofi, ngoja nikueleze. Mimi ni Mize binti Shuaibu, wa hapahapa Dunda, Bagamoyo, mpishi wa shughuli. Arusi, hitima, maulidi, ukisikia watu mia nne wamekula wakashiba na hakuna aliyenung'unika, uliza ni nani alishika mwiko. Nina miaka arobaini na mbili, na macho yangu yanaisha kwa moshi wa kuni. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mwaka juzi nilikwenda chuo cha uvuvi Mbegani kuulizia kozi ya kusindika samaki, niache moshi kabla moshi haujaniacha kipofu. Binti wa dirishani alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanisomea masharti: cheti cha kidato cha nne, na kemia iwemo. Mimi niliishia darasa la saba. Nikarudi nyumbani nikalala siku nzima, siku ya pili nikaenda kujiandikisha masomo ya jioni. Mume wangu, Mwinyimvua, akaniuliza kama nimerogwa. Nikamwambia ndiyo, na dawa yake ni kidato cha nne.

Kituo chetu ni chumba kimoja nyuma ya duka la fotokopi, na kina sharti lake. Asiyefika arobaini kwenye jaribio hasajiliwi somo hilo kwa mtihani wa taifa, asije akashusha wastani wa kituo. Orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa saa sita mchana, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Alama mbili tu zilikuwa zinaninyima Mbegani. Mwaka mwingine ungekuwepo, sawa, lakini macho je?

Nikaigeuza karatasi. Swali la nne, alama nne, limepigwa kosa jekundu hadi karatasi imechanika kidogo. Swali liliuliza Al₂(SO₄)₃ ina atomu ngapi. Hiyo ni salfeti ya alumini, ndugu yake ile shabu tunayotia kwenye maji ya kisima yakatulia. Mimi niliandika kumi na saba. Pembeni mwalimu kaandika kumi na tano.

"Mwalimu, hapa umenionea."

"Majibu ninayo hapa, Bi Mize." Akainua kijitabu chake.

Nimtetee kidogo. Mwalimu Wilbrodi kasomea jiografia. Mwalimu wetu wa kemia alihamia Dar mwezi wa tatu, na yeye akabebeshwa somo juu kwa juu. Muulize mambo ya mvua na mito, hana mpinzani. Kwenye kemia alikuwa anashikilia kijitabu cha majibu kilichotolewa kopi ya kopi hadi herufi zimefifia, na kilichosema kijitabu ndicho.

"Nisomee basi kilivyofika kumi na tano," nikamwambia.

Akasoma. Alumini mbili. Salfa moja. Oksijeni nne mara tatu, kumi na mbili. Jumla kumi na tano.

"Salfa mbona moja? Ile tatu iko nje ya mabano, na salfa imo ndani."

"Tatu inazidisha ile iliyo karibu nayo."

"Thubutu!" Neno lilinitoka kabla sijalizuia. "Sikiliza, mwalimu. Mabano ni ukingo wa sinia. Mteja akiniambia, Mize, weka majagi mawili ya maji na masinia matatu, kila sinia wali mmoja na nyama nne, mimi napeleka nini? Majagi mawili, hayo yako chini, hayamo kwenye sinia. Wali mara tatu. Nyama nne mara tatu, kumi na mbili. Mbili na tatu na kumi na mbili ni kumi na saba. Hakuna sinia linalokwenda mbele za watu bila wali!"

Fikra ile ilinijia palepale kwenye jaribio, nilipofika swali la nne nikayaona mabano yamezunguka herufi. Nilifurahi hadi nikacheka peke yangu, msimamizi akanitazama vibaya. Sasa nilikuwa naieleza mbele za watu, nao wakaangua kicheko.

"Mama Sinia, tugee nyama!" akapiga kelele Teddy, msusi wa saluni, jirani yangu wa dawati. Yeye alikariri kumi na tano kutoka kwenye kijitabu, akapata hamsini na mbili.

"Bi Mize, kemia si pilau," akasema mwalimu, naye anatabasamu.

Lile tabasamu ndilo lililonichefua. Makosa nayajua, na mimi nakosea, chumvi imenizidi mara nyingi tu. Lakini kukoseshwa kitu ninachokijua, tena nichekwe juu yake! Nikakunja karatasi yangu nikaitia kwenye mkoba.

"Jina langu usilifute," nikamwambia. "Umesema Ijumaa saa sita. Bado haijafika."

Alhamisi nilikuwa na walima kwa Mzee Bwanaheri, aliyekuwa anamwoza mwanawe. Mzee Bwanaheri ana nyumba kubwa, jamaa wengi, na wapangaji wanne uani. Mmoja wa wapangaji hao ni Mwalimu Wilbrodi. Basi tangu alfajiri nilikuwa kwenye mafiga, mimi na mdogo wangu Sada na wasaidizi, na adhuhuri ilipokwisha kuswaliwa majamvi yakatandikwa chini ya turubai, wanaume wakaanza kukaa. Nikachungulia kwenye upenyo wa makuti. Jamvi la mwisho kabisa wamekaa wapangaji na majirani, na mwalimu wangu katikati yao, shati jeupe limepigwa pasi.

Jamvi moja hukaa watu kumi na wawili, wanne kwa kila sinia. Majagi mawili, masinia matatu. Wallahi sikulitafuta, lilinijia lenyewe.

"Sada," nikasema, "masinia ya jamvi la mwisho usiyapakue. Nayapakua mimi."

Sinia la kwanza nikalitia wali wa kutosha na nyama nne juu yake. La pili nikalitia nyama nne, basi, zimekaa juu ya bati tupu. La tatu vivyo hivyo. Nikayafunika yote kwa makawa.

Sada alinikodolea macho. "Dada, una akili kweli?"

"Wali wao huu hapa kwenye beseni. Nikikuita tu, uulete mbio."

"Utatuharibia jina!"

Nilijua. Miaka ishirini na moja sijawahi kupeleka sinia lililopungua hata kiazi. Lakini nikisema nirudishe wali, naliona lile tabasamu. Nikawapa wasaidizi wakachukua, nami nikawafuata nyuma hadi kwenye pembe ya turubai, nikasimama.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho mpishi mwenye akili zake angekitazama kwanza. Jamvi la mwisho halikuwa tena la wapangaji. Wakwe walitoka Pangani, gari likawaharibikia njiani, wakafika wamechelewa, na Mzee Bwanaheri akawainua wapangaji na majirani, akawakalisha wakwe mahali pao. Alibaki Mwalimu Wilbrodi peke yake, nadhani kwa sababu ya shati. Na bega kwa bega naye amekaa ami yake bibi arusi, Mzee Abdulswamad, kanzu inameta, bakora kaiweka mapajani.

Nilitaka kusema rudisheni. Nimechelewa. Makawa yakafunuliwa.

Mmoja akasema, "Hee!" Mwingine akalisukuma sinia kidogo kwa kidole. "Nyama tupu? Wali uko wapi?" Wa tatu akauliza kama hii ndiyo desturi ya Bagamoyo siku hizi. Kwetu ukimwekea mkwe sinia lisilo na wali, umemwambia hukumtazamia na wala hukumtaka. Majamvi mengine yakaacha kula. Mzee Bwanaheri akaja mbio, kofia imekwenda upande.

"Mize! Nini hiki?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ningesema wasaidizi wamechanganya, wali ungeletwa, tungeombana radhi, na ingekwisha. Lakini nikamwona Mwalimu Wilbrodi. Alikuwa hamtazami mtu. Anatazama sinia la kwanza, la pili, la tatu, kisha majagi, na midomo yake inachezacheza. Alikuwa anahesabu! Basi nikasema nife leo.

"Shikamoo, Mzee Bwanaheri. Shikamooni, wakwe zetu. Hapa hakuna aliyesahau kitu. Nimepakua kwa hesabu ya mwalimu huyu hapa. Yeye ananifundisha kwamba masinia yakiwa matatu, nyama zizidishwe mara tatu, wali ubaki mmoja. Jana mimi nilisema kila sinia lipate wali wake, akanikosesha, na kwa kosa hilo ananifuta kwenye mtihani. Muulizeni, yupo."

Mzee Abdulswamad akageuza shingo taratibu. "Wewe ni mwalimu?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Wa somo gani?"

"Ji... kemia, mzee."

Angeweza kunikana. Kweli tena. Mimi mpishi mwenye aproni ya masizi, yeye mwalimu, na wazee wote wamekasirika na mimi. Angesema mama huyu amechanganyikiwa, na nani angebisha? Nami nilikuwa nimejiandaa kumrukia. Lakini alisimama, jasho linamtiririka, akajifuta kwa mkono.

"Wazee wangu, kosa ni langu," akasema. "Kuna idadi nilimkosesha. Nilisema kumi na tano."

"Na ni ngapi?" akauliza mzee.

Akayatazama masinia mara ya mwisho. "Kumi na saba."

"Sema kwa sauti, mwalimu," nikadakia. "Wa nyuma hawajasikia."

Mungu anisamehe, sikuweza kujizuia.

"Kumi na saba!" akasema kwa nguvu.

Sada hakungoja kuitwa. Alishafika na beseni, anapakua wali huku anaomba radhi kwa kila mtu, hata kwa watoto. Mzee Abdulswamad akasema bismillahi, akatia tonge mdomoni, akatafuna, akamtazama Wilbrodi. "Kwa hiyo leo tulikuwa tulishwe makosa ya shule," akasema, na wenziwe wakacheka. Watu wakarudi kula.

Mzee Bwanaheri hakucheka. Alinifuata nyuma ya jiko, akaongea kwa sauti ya chini, na hiyo iliniumiza kuliko angepiga kelele.

"Umewatahayarisha wakwe zangu, Mize, kwa ajili ya karatasi ya shule. Hukuwa na mdomo wa kuja kwangu? Yule mpangaji wangu. Ningemwita, tukazungumza."

"Mngezungumza, mzee wangu. Na mimi ningebaki na thelathini na nane yangu."

"Na heshima yangu je?"

"Kwa wakwe, nisamehe," nikasema. "Sikujua kama wamekaa pale, na ilinipasa nijue. Kwa mwalimu siombi msamaha."

"Basi jikoni kwangu usikanyage tena," akasema. "Wala kwa ndugu zangu." Na ndugu zake, sikufichi, ni nusu ya arusi za Dunda.

Ijumaa saa nne nilikuwa kituoni. Mwalimu Wilbrodi alikuwa peke yake, karatasi zetu kumi na tisa zimetandazwa mezani, kijitabu hakionekani.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba."

Hatukutajiana walima. Aliniambia alimpigia simu yule mwalimu wa kemia aliyehamia Dar, akamsomea kijitabu, na yule bwana alicheka hadi simu ikakatika. Akanisogezea karatasi yangu. Swali la nne lina vema, na juu thelathini na nane imefutwa, imeandikwa arobaini na mbili. Fomu ya usajili iko pembeni, kemia imeshajazwa.

"Tia saini hapa tu," akasema.

Mimi sitii saini kitu sijakisoma. Nikaichukua karatasi nikaanza juu. Swali la pili, alama mbili: molekuli mbili za maji, 2H₂O, zina atomu ngapi? Nimeandika tano. Nimepewa vema.

Nikasoma tena. Lile nililijibu kwa kukariri, kabla sijafika kwenye mabano ya swali la nne. Haidrojeni mbili mara mbili, nne, ongeza oksijeni moja, tano. Wali umepakuliwa sinia moja, la pili limeachwa tupu. Nilifanya kosa lilelile nililomuumbulia mwalimu mbele za wakwe.

"Mwalimu, hili umenipa na nimekosa."

Akatazama. Nikaona amelielewa palepale, akafumba macho. "Kijitabu hichohicho," akasema.

"Ile mbili ya mbele inabeba kila kitu. Ni sita."

"Ni sita," akakubali. "Lakini yaache, Bi Mize. Hakuna anayekagua."

"Mimi nakagua."

"Nikifuta hapa, sijui zitabaki..."

"Futa kwanza, halafu ndiyo uhesabu."

Usidhani nilikuwa nimeshapiga hesabu kichwani nikaona nitapona. Nilikuwa na hasira, na hasira haijui kujumlisha. Nilichokuwa nakijua ni kimoja: siwezi kuwatia watu aibu chini ya turubai kwa kutaka haki yangu, halafu nipite dirishani kwa vema ya uongo. Kama zitapungua, zipungue. Nitarudi mwakani, na mwaka wa kufuatia, hata niongozwe mkono nikiwa sioni.

Alifuta. Akaanza kujumlisha upya toka swali la kwanza, kalamu inagusa kila namba. Alimaliza, akarudia tena toka juu. Mimi nimeshika ukingo wa meza.

"Arobaini," akasema.

"Sharti lenu ni ngapi?"

"Arobaini."

"Haya, lete kalamu."

Nikatia saini. Lakini sikuinuka. Nilikuwa nimeiona karatasi ya Teddy pale juu, namba zimefutwafutwa. "Na hawa wenzangu? Waliandika kumi na tano kwa sababu kumi na tano ndiyo waliyofundishwa. Ukiwafuta watakaoshuka chini ya arobaini, nitakuja kupika hapahapa mlangoni, wallahi."

"Nimeshawaandika wote," akasema haraka, kisha akacheka, na mara hii kicheko chake hakikuniudhi.

Nilikuwa bado njiani simu ikaita. Ni Bi Raya, dada yake Mzee Bwanaheri. Alinisalimu vizuri, akaniulizia watoto, akaniulizia mume, ndipo akasema hitima ya mwezi ujao wamempata mpishi mwingine, na arusi ya binti yake pia. Nikamwambia, sawa bibi, Mungu awafanyie wepesi. Nilisema kwa sauti yangu ya kawaida. Nilipofika nyumbani nikakaa kwenye kibao cha mbuzi na kulia, sikatai. Kazi ile ndiyo iliyosomesha wanangu na ndiyo inayotulisha, na nimeichoma mwenyewe kwa mkono wangu.

Mwinyimvua akaja akasimama mlangoni. Habari alishazipata, Dunda hii nani hajazipata.

"Haya, mke wangu," akasema. "Imefaa?"

"Sijui," nikamwambia. "Nipishe, mtihani ni Novemba na kusawazisha milinganyo bado kunanishinda."